Viwavi Tisa wa Mlimau

Jumatatu, 4 Machi 2013
Palma yote, huku kaskazini mwa Msumbiji, inaota siku hizi, tangu gesi ipatikane baharini. Na mimi Anli naota. Dona Vitória, mkuu wa escolinha yetu ya watoto wadogo, katuarifu kwamba Ijumaa anakuja mama mmoja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Atachagua mwalimu mmoja aende kusoma huko mwaka mzima. Walimu tuko wawili, mimi na Awa. Awa akisimulia hadithi, watoto husahau hata kukojoa. Kwa hiyo nimeokota viwavi tisa kwenye mlimau. Mgeni akiingia, watoke vipepeo. Siku nne zinatosha. Sikumwuliza mtu.

Jumanne, 5 Machi
Tumewajengea nyumba ya boksi na kipande cha chandarua. Suleimane, wa miaka minne, akauliza kama kipepeo akikutana na mwanawe kiwavi humtambua. Sikujua. Nikakaa kufikiri. Viwavi wanatafuna majani polepole, na mimi nishafika Pemba, viatu vipya mguuni. Nilipoinua kichwa, watoto walishakwenda makwao.

Jumatano, 6 Machi
Bado wanakula tu. Awa kanishauri nimwambie mgeni ukweli, kwamba mdudu hana haraka. Hila hiyo, anataka nishindwe. Nikawapa watoto vipande vya kitambaa cha kapulana na njiti za mnazi, tukatengeneza vipepeo. Nitavificha juu ya mlango, nivute uzi. Yasmin, mwenye macho makali, akahesabu miguu ya kipepeo kimoja. Minne. Nilishawafundisha kwamba mdudu ana sita. Nikasema miwili imekunjwa. Akanitazama kwa huruma.

Alhamisi, 7 Machi
Nilijibanza dirishani nimkamate Awa na kosa. Alikuwa anasimulia habari za kiwavi aliyeogopa kulala, asije akaamka amekuwa mtu mwingine. Kosa nikalisahau. Machozi yakanilengalenga. Kabla ya kufunga darasa nikaacha boksi wazi, viwavi wapate joto, waharakishe.

Ijumaa, 8 Machi
Boksi tupu. Mgeni mlangoni. Nikavuta uzi, vipepeo vyote vikamwangukia kichwani. Suleimane akamweleza kwa upole, “Vitambaa hivyo, mama. Mwalimu katuambia tuseme wameanguliwa.”
Natamani ardhi inimeze. Ndipo Yasmin akaonyesha dirisha. Viwavi wetu wamepanda hadi kwenye fremu, kila mmoja kajifunga kwa uzi mwembamba. Mmoja anavua ngozi.
“Usimwamshe,” Yasmin akamnong'oneza mgeni. “Anaogopa kuamka mtu mwingine.”
Mgeni akaketi chini nusu saa nzima, vitambaa bado nyweleni.
Kachaguliwa Awa. Kabla ya hapo alishamwambia mgeni kwamba viwavi ni kazi yangu. Angenyamaza, ingekuwa rahisi kumchukia.

Jumamosi, 9 Machi
Awa akiondoka, nabaki peke yangu na watoto thelathini na wanane. Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa moja tu, kuchagua mdudu mvivu. Mwezi ujao anakuja mkaguzi. Abibo, mtu wa kijiji cha Mbau, anafuga nyuki, kakubali kuniletea mzinga wenye nyuki wake, tuuweke katikati ya darasa. Aliniuliza wanafunzi wangu wana umri gani. Nikamwambia, watu wazima kabisa.