Malalamiko Kuhusu Fimbo Iliyoniliza Mbele ya Wakwe

Kamoshita Tokuji,
Mwenye Lori la Kokoto na Zege,
Iwami, Tottori.

Kwa Mheshimiwa Mkuu,
Hekalu la Lango Jeusi,
Kyoto.

YAH: KUNYAMAZISHWA, KUPIGWA NA KULIZWA JUMAPILI ASUBUHI

Mheshimiwa Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwa utulivu kama ilivyo kazi yenu huko. Mimi pia ni mzima, ukiacha bega.

Kabla sijalalamika inafaa unijue, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivi hivi. Ukifika Iwami ukataja Kamoshita wa kokoto, hata mbwa watakuelekeza. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wamefika mwisho wa walichokuwa nacho. Ukuta wa bandarini nimeumwaga mimi, na tangu siku hiyo mawimbi yanapita mbali kwa heshima. Aliyemzuia nguruwe pori kwa mlango wa lori ni mimi huyu huyu, na alikuwa nguruwe mkubwa kiasi kwamba ofisi ya mji ilifikiria kumwandikisha kama mkazi.

Sasa sababu ya safari. Chihaya ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi na mke wangu Sadae tumemlea tangu akiwa darasa la pili. Amepata mchumba hapo Kyoto, kijana anaitwa Naotaka, wa ukoo wa Ujiie, watu wanaouza chai tangu zama ambazo kwetu watu walikuwa hawajajua kuchemsha maji. Baba wa kijana, Mzee Ujiie, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alichosema ni kwamba tuje wikiendi, tutembelee mahekalu pamoja, tuonane. Kwenye treni Chihaya, aliyekuja Iwami kutuchukua, alinishika mkono akaniambia, "Baba Mdogo, nakuomba kitu kimoja tu. Siku mbili hizi usisimulie habari ya yule nguruwe." Nikamwahidi. Sadae, aliyekuwa amekaa dirishani, alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Unaona basi kwamba sikuja kutalii. Nilikuja kukaa mahali pa kaka yangu, na uso nilioubeba ulikuwa wa ukoo mzima. Ndiyo maana ninayokuandikia ni mazito.

Jumamosi asubuhi sina neno nayo. Tulilitazama hekalu la dhahabu, na nilimweleza Mzee Ujiie kwa unyenyekevu kwamba tangi la maji la Iwami nililipaka rangi ya namna ile ile, na ndege wakaanza kutaga mchana na usiku kwa kudhani jua halitui. Mzee alitikisa kichwa polepole. Tukaingia kwenye ule ukumbi wa sanamu elfu, ambako watu husema ukitafuta vizuri utaiona sura ya mtu unayemfahamu. Mimi nilijiona mara tatu. Mama Ujiie akauliza kama na nguruwe nimemwona. Hapo nikafahamu kwamba Naotaka alikuwa ameshawasimulia yeye mwenyewe, kwa hiyo ahadi yangu kwa Chihaya ilikuwa imekwisha kazi, nami nikaisimulia habari hiyo upya kwa usahihi, kutoka mkia hadi pembe. Chihaya alisema nguruwe hana pembe. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu habari hii inastahili kusimuliwa.

Mabaya yote yalianza mchana, tulipoingia kwako.

1. Chakula. Tuliketishwa juu ya mikeka tukaletewa visahani vingi sana, na katika kila kisahani kitu kimoja kimejikunyata peke yake. Mzizi mmoja. Uyoga mmoja. Kipande cha tofu chenye ukubwa wa sabuni ya hotelini. Nilipomaliza vyote nikamshukuru aliyetuhudumia na kumwambia kwamba sasa tuko tayari kwa chakula. Mama Ujiie alijifunika mdomo kwa mkono wa kimono, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Nadai kwamba mgeni aambiwe mapema kuwa anachokitazama ndicho kilichopo.

2. Bustani. Hapa nazungumza kama mtaalamu. Mnao uwanja mzuri, mmemwaga kokoto safi nyeupe, mmezichora mistari kwa reki, halafu mmeacha. Hakuna zege, hakuna hata kamba ya kupimia. Watu wamekaa barazani wanaikodolea macho kazi ambayo haijamalizika, wala hakuna anayeuliza fundi yuko wapi. Nikaona aibu kwa niaba yenu. Nikashusha mguu mmoja, mmoja tu, kupima kina.

Watu wa barazani walivuta pumzi kwa pamoja. Chihaya akafumba macho. Akatokea mtawa wenu mmoja, mtu mzima mwenye masikio makubwa, akashika reki, akaifuta alama ya mguu wangu na kuirudisha mistari kama ilivyokuwa, kisha akaniinamia na kwenda zake. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu, maana kwenye kugombana mimi nina uzoefu. Nilibaki barazani na soksi moja yenye vumbi, mbele ya wakwe, bila hata tusi moja la kushikilia. Huo ni ukatili, Mheshimiwa.

3. Sakafu ya ule ujia mrefu inalia kila unapokanyaga. Niliambiwa ilijengwa hivyo makusudi, zamani, ili mwizi asikike. Sawa. Lakini mimi si mwizi, nilikuwa natafuta choo, na ililia kwenda na kurudi, hadi kila mtu aliyekuwa hekaluni akajua hali ya tumbo langu baada ya ule uyoga. Nilijitolea kuja na misumari. Sijajibiwa.

4. Ukimya. Jumapili asubuhi Mzee Ujiie alituleta tena kwako ili tukae kimya pamoja. Yeye huja kila mwezi. Naotaka alininong'oneza kwamba baba yake humfahamu mtu kwa namna anavyokaa, si kwa namna anavyosema. Mheshimiwa, hebu fikiria dhuluma hiyo. Mimi mtaji wangu ni mdomo. Kwa mdomo huu nimepata tenda, nimepata mke, nimesamehewa faini barabarani. Leo unampima mtu kama mimi kwa kumfunga mdomo, ni sawa na kumwita pweza kwenye mashindano halafu umfunge mikono.

Tukapangwa. Mbele yangu alikaa Chihaya, kulia kwangu Mzee Ujiie, kushoto Sadae. Kengele ikagongwa. Miguu ilikufa ganzi mapema, hilo silisemi, mimi ni mwanaume. Lakini kule kukaa bila kusimulia chochote, na bila mtu wa kukukatiza, ni hatari kwa afya. Mtu ambaye hajazoea anaanza kusikia mambo yake mwenyewe. Nadai mlangoni pawekwe tangazo la onyo.

5. Fimbo. Hiki ndicho kiini.

Alipita yule yule mtawa wa masikio, safari hii amebeba ubao mrefu begani. Sisi Tottori tuna adabu. Mtu akipita mbele yako unainamisha kichwa. Nikaunganisha viganja, nikainama. Akasimama. Akaniinamia. Nikaona kumbe naye ana adabu. Kisha akanishukia begani, pwaa, na sauti ikaenda hadi mlimani ikarudi.

Nimeelezwa baadaye kwamba kwenu anayeinama vile ndiye anayeomba kupigwa. Nimeelezwa pia kwamba mlilitangaza jambo hilo kabla hatujaanza. Inawezekana. Wakati huo nilikuwa namweleza mgeni mmoja kutoka Okayama habari ya mlango wa lori.

Baada ya kupigwa, mtu mwenye adabu anafanyaje? Anashukuru. Nikainama kushukuru. Pwaa, bega la pili. Nikainama tena, kwa mshangao. Mheshimiwa, sitaki kulirefusha hili. Itoshe kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwa na adabu nyingi kiasi kile ndani ya ukumbi ule. Nilimsikia Sadae pembeni akinong'ona, "Tokuji, acha kuinama, utauawa." Nami nikashindwa kuacha.

Ndipo machozi yakanitoka. Naomba nieleweke vizuri: yalitoka kwa sababu ya fimbo. Mimi niliyeng'olewa gego na mwenyewe nikawa namshikia daktari taa, mimi ambaye nondo ilinipita kwenye kiganja nikamaliza kwanza kumwaga zege ndipo nikauliza bendeji iko wapi, nimelia mbele ya wakwe, kamasi na yote, na kengele ya kumaliza ilikuwa bado. Hii inaonyesha fimbo hiyo si ya kawaida. Nashuku ina chuma ndani.

6. Matokeo, na hapa ndipo ninapoumia kuliko begani. Tulipotoka langoni Mzee Ujiie alinipa leso yake. Haikuwa ya karatasi, ilikuwa ya kitambaa, imepigwa pasi. Akasema, "Fimbo ya hapa ni kali, Bwana Kamoshita." Basi. Hakuongeza neno hadi stesheni, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuwa na la kuongeza. Treni yetu ilipokaribia akasimama mbele yangu na Sadae, akainama chini kabisa, mtu wa ukoo ule, mbele ya abiria wote, akasema kwamba mwezi wa kumi watakuja Iwami, yeye na mkewe, kumposa Chihaya rasmi.

Chihaya alibaki pale jukwaani upande wao, kwa sababu siku hizi anafanya kazi Kyoto. Alinipungia mkono mpaka treni ikakata kona.

Sasa nieleze, Mheshimiwa. Ndoa imekubaliwa, lakini imekubaliwa kwa lipi? Nilikuja na tangi la dhahabu, na ukuta wa bandarini, na nguruwe. Havikunipatia hata neno moja kutoka kwa mzee yule. Nikatoka kwako na macho mekundu, akainama. Huku Iwami Sadae ameshaanza kusimulia, na jana muuza samaki aliniuliza kama bado naumwa macho. Siwezi kuvumilia isemekane kwamba mtoto wa kaka yangu amepata mume kwa huruma ya machozi yangu. Alistahili kupata kwa sifa zake, na kwa zangu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo: fimbo hiyo ikapimwe na wataalamu wa chuma, mtawa mwenye masikio apumzishwe mpaka bega langu litakaposema, na zaidi ya yote, niandikiwe cheti chenye muhuri mwekundu wa hekalu, kikieleza kwamba pigo nililopata lilikuwa zito kupita kiasi, na kwamba mwanaume yeyote, hata mwenye historia kama yangu, angetokwa machozi. Cheti hicho nitakitundika dukani kwangu juu ya kalenda, mahali ambapo muuza samaki hawezi kukikosa. Nisipokipata nitalazimika kuliandikia gazeti, kisha wizara, kisha wenye mahekalu yote ya Kyoto kwa mpangilio wa ukubwa, na wino ninao.

Nafunga kwa kukutakia kazi njema ya kukaa. Nisalimie watawa wako wote, na aliyetuandalia ule uyoga mmoja mmoja, na yule mgeni wa Okayama akirudi, mwambie mwisho wa habari ni kwamba nguruwe alikimbia. Sadae anakusalimu, anasema asijumuishwe kwenye malalamiko, yeye alifurahi. Ukimwona Mzee Ujiie mwezi huu, mwambie leso nimeifua, nitamrudishia mwenyewe kwa mkono.

Ni mimi, mwenye bega,

Kamoshita Tokuji

N.B. Sadae ameisoma barua hii akaniambia siwezi kumtumia mtu wa dini karatasi ya namna hii bila kuongeza kitu, na hatanipa stempu mpaka niongeze. Basi naongeza. Daktari amelitazama bega langu akasema halina hata alama, na akauliza ni bega gani hasa. Ule ubao ulipiga kelele tu, ulishuka kama mtu anayekukung'uta vumbi. Tena yule mtawa aliponifikia nilikuwa nimeshaanza kulia. Chihaya alikuwa amekaa mbele yangu, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa kwenye lori langu, asubuhi za mwaka ule wa kwanza, nikimpeleka shule, anajibana asiichafue sare kwa vumbi la kokoto, na mimi nikisimulia uongo njia nzima ili asikumbuke nyumbani kwao. Jumapili ile sikuwa na ruhusa ya kusimulia. Nikainama ili Mzee Ujiie asione, na mtawa wako nadhani aliona, maana kila nilipoinama alipiga kwa sauti kubwa zaidi na kwa uzito mdogo zaidi. Asipumzishwe. Mshukuru. Cheti lakini bado nakihitaji, na kama kuna fimbo ya namna ile inayouzwa naomba mnitumie moja kabla ya harusi, kwa sababu siku hiyo watanikalisha kwenye kiti cha baba, mbele ya watu wote, na sitakuwa na cha kusingizia.