Dau la Baraza la Rajnikant

Jumapili, 1 Juni 1975. Mhunze.

Msimu wa pamba umefika, na baraza la duka la Rajnikant halitutoshi mafundi cherehani wawili. Mimi kulia, Donatus kushoto. Mteja akitoka dukani na kitenge chake, miguu inampeleka kushoto. Sijui kwa nini. Mishono ya Donatus imepinda! (Yangu pia, lakini kidogo.)

Redio ya Rajnikant imeniletea dawa. Idhaa ya London inasema Alhamisi Waingereza wanapiga kura: wabaki kwenye jumuiya ya Ulaya au watoke. Chama cha upinzani kinataka wabaki. Chama tawala kilikaa mkutano mkuu mwezi wa nne, kikaamua watoke. Eti mawaziri wake wengi wanapiga kampeni ya kubaki! Nimecheka. Mkutano Mkuu ukishapitisha, waziri ni nani? Hapa kwetu Chama kimeshika hatamu. Wenzetu wameendelea zaidi, bila shaka wanatii zaidi.

Jumatatu, 2 Juni.

Nimeweka dau. Mimi: wanatoka. Donatus: wanabaki. Atakayekosa ahamishie cherehani kwenye banda la ngozi, huko kwa nzi. Donatus kwanza alimwuliza Mama Dilip, mke wa Rajnikant. Mama Dilip akasema kaka yake yuko Leicester, na ameandika kwamba majirani wanaogopa chakula kitapanda bei wakitoka.

Barua ya shemeji wa Rajnikant dhidi ya Mkutano Mkuu! Nimemhurumia Donatus. Si sana.

Jumatano, 4 Juni.

Nimepima upande wa kushoto kwa futi kamba. Benchi la wateja litaenea. Mama Klara wangu akauliza kama nimewahi kupita lile banda siku ya jua. Nikamwambia siasa haielewi. Akasema, sawa Baba Klara, lakini harufu anaielewa.

Jumamosi, 7 Juni.

Wamebaki! Theluthi mbili! Watu wazima wamesikia uamuzi wa chama, wakaenda kupiga kura kinyume. Nchi gani hiyo?

Nimehama. Donatus alinibebea meza mpaka bandani, njia nzima akiniita fundi mkuu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 15 Juni.

Wiki nzima, mteja mmoja. Kumbe alikuja kuuza ngozi.

Lakini nimekaa, nimefikiri, nimeliona kosa langu. Niliamini chama. Kumbe chama kikisema hivi, wapiga kura hufanya vile. Sasa najua.

Na sisi mwaka huu tuna kura ya Rais. Mgombea mmoja, wa Chama: Ndiyo au Hapana. Nimemfuata Donatus barazani, tukaongea kwa sauti ya chini. Dau jipya: nikishinda, baraza lote langu. Nikikosa, achukue cherehani.

Nimechagua Hapana.

Safari hii hakumwuliza Mama Dilip. Alinipa mkono kabla sijamaliza kusema.

Maskini Donatus. Hajifunzi.