Mjane wa Kapya

Rigobert alikuwa akinywa bia ya mtu mwingine, katika baa moja ya mtaa wa Katuba, aliposikia mwenye bia akilalamika. Tuseme mapema: Mungu alimpa Rigobert masikio makubwa na aibu ndogo.

Mwenye bia alikuwa Kalaba, tajiri wa samaki wakavu wa Pweto. Alikuwa na maduka, nyumba ya ghorofa na jeep nyeupe. Alichokosa ni ukoo wa kutajwa. Binti yake Gaëlle alikuwa anaolewa na familia ya wakubwa wa kimila wa Mitwaba, na Jumamosi kila upande ungesimama kutaja majina ya sifa ya mababu.

"Bankambo yangu bote balitumikaka ku reli," Kalaba alisema. "Nitataja nini? Locomotive?"

"Papa, mimi njo mupyani, mwenye kurithi jina ya nkambo Kapya, Moto Unaovuka Mto," Rigobert akasema kwa upole. "Jina kubwa sana. Ninakupatia, unanipatia jeep."

"Jeep muzima? Kwa kitu sitakamata na mukono?"

"Na heshima, unaikamata na mukono? Mbona unaitafuta?"

Hapo Kalaba akakubali. Rigobert alilitunga jina hilo kati ya funda moja na jingine, lakini alilitamka kwa huruma hadi akaanza kumkumbuka marehemu. Maisha yake yote alikuwa amekula vumbi la magari ya wenzake. Safari hii Katuba nzima ingekula la kwake.

Jumamosi, ndani ya suti ya kuazima, akasimama mbele ya wakwe. Akasimulia jinsi Kapya alivyovuka mto amebeba moto kiganjani, kisha akamkabidhi Kalaba jina. Wanawake wakapiga vigelegele. Kalaba akavimba, akatoa funguo za jeep mbele ya wote.

Mara kilio kikapasuka kutoka viti vya nyuma. Alikuwa Mama Ngalula, ambaye hakualikwa na mtu, na tayari alikuwa amekula sahani mbili.

"Kapya! Bwana yangu! Sijatoka ku kilio, na banapatia muntu mwingine jina yake!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kwa desturi yao, jina la marehemu halihami kabla mjane hajatolewa kilioni, na chochote kinachopokelewa kwa ajili ya jina ni chake kwanza. Mzee Antoine, msemaji wa wakwe, alipenda desturi kuliko nyama. Akamnyooshea Rigobert mkono.

"Mutoto yangu, leta funguo. Ni ya mama."

Rigobert akazibana funguo kiganjani. Yeye alijua kuliko mtu yeyote kwamba Kapya hakuwahi kuzaliwa, sembuse kuoa. Lakini angesema hivyo, vijana wa pande zote mbili wangemzika siku hiyo hiyo. Akatoa funguo, na moyo ukamuuma kama mtu aliyefiwa kweli.

Kalaba hakukasirika hata kidogo. Jina lenye mjane! Nani angelitilia shaka tena?

Rigobert akamfuata mama mpaka kwenye mlango wa jeep.

"Mama," akanong'ona, "ule muntu hakuzaliwaka. Mimi njo nilimutunga."

"Ninajua, papa," Mama Ngalula akasema, akiwasha injini. "Tulioana leo, wakati ulikuwa unamusifu. Alikuwa bwana muzuri sana. Ameniachia motokari."