Panya Wawili na Vidonge Vyangu vya Ini

Jumanne, 4 Machi 2025
Itumbe. Mvua tangu asubuhi. Nimetoka kliniki mjini Kisii, nina homa ya ini aina ya C. Baba alikufa na tumbo lililovimba, kwa hiyo naogopa. Daktari Anyiko kanipa kichupa cha vidonge, kimoja kila siku, nisiruke. Nikamuuliza kama vimejaribiwa kwa panya wa huku kwetu. Akaita mgonjwa mwingine.

Jumatano, 5 Machi
Nimenasa panya wawili ghalani. Nimewafungia ndani ya kikapu cha kuchumia chai, sinia juu. Nikajidunga kidole, nikadondosha damu kwenye ugali wa wimbi. Wakala wote! Sasa tuko wagonjwa watatu. Mke wangu Nyakerario kauliza kikapu kiko wapi. Nikasema sijui. Kachumia kwenye gunia, karani wa kituo cha kununulia chai akayakataa majani kwa kuwa yameungua kwa joto la gunia.

Jumamosi, 8 Machi
Kidonge cha leo pia nimewagawia panya, nusu kwa nusu. Wananenepa. Mimi sijameza bado, nangoja matokeo. Jirani Osoro kachungulia, akasema panya wana afya kuliko mimi. Wivu huo.

Jumatatu, 10 Machi
Msiba. Panya wametafuna kikapu, wakatafuna kichupa, wakamaliza vidonge vyote. Wametoroka. Nyakerario kaliona tundu la kikapu, akajua kila kitu. Hakunigombeza, na hilo limenitisha zaidi.

Jumanne, 11 Machi
Kanipeleka Kisii mwenyewe. Daktari akasema panya wa kawaida hashikwi na kirusi hiki hata anyweshwe ndoo ya damu. Watafiti hutumia panya maalumu waliopandikizwa chembe za ini la mtu, au hukuza chembe hizo kwenye visahani. Kazi hiyo ilishafanywa na watu waliosoma, akasema, yangu ni kumeza. Kichupa cha pili amekipata kwa kubembeleza wakubwa wake. Cha tatu hakipo. Nyakerario alilia hadi Itumbe, akisema hataki kunizika kama tulivyomzika Baba. Nami nililia kidogo, nikitazama nje.

Jumatano, 12 Machi
Nimetafakari. Kosa langu nimeliona. Panya hana ini la mtu.

Osoro analo.

Nimemwalika chai kesho asubuhi. Kidonge nimeshakisaga, sukari nitazidisha. Akifika Jumapili akiwa mzima, nami nitaanza kumeza.