Mapokezi ya Bamvua

Jumatatu, 4 Machi

Kikao asubuhi. Mkurugenzi wa mipango miji alikuja na tai mpya na habari nzito. Bahari inazidi kupanda kila mwaka. Ukuta wa zege wa ufukweni ulivunjika mwaka juzi na hautajengwa tena. Badala yake tunatengeneza kinamasi: mikoko mbele, matete katikati, bwawa tupu la kupokea maji, na mwisho kabisa tuta refu la udongo. Nyuma ya tuta ndiyo mitaa yenyewe.

Nusu ya mashariki kapewa Bi Matete, mtaalamu wa mimea. Jina hilo nilimbandika mimi ili kumkera. Analipenda. Nusu ya magharibi ni yangu, msanifu msaidizi kwa mwaka wa sita sasa.

Halafu likaja jambo lenyewe. Kinaanzishwa Kitengo cha Vinamasi, na kitakuwa na mkuu wake. Mkuu atapata ofisi yenye dirisha! Nikaanza kuchora pembeni mwa karatasi meza itakaa wapi. Nilipozinduka Mkurugenzi alikuwa anamalizia: kati yangu na Bi Matete, Bamvua la tarehe kumi na mbili ndilo litakaloamua.

Bamvua ni nani? Wenzangu wote waliitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia, tena zaidi yao. Mimi nimekulia bara, maji yetu yalikuwa kisimani, lakini kwenye fomu ya kuomba kazi niliandika kwamba nimezaliwa ufukweni. Siwezi kuanza maswali leo.

Kilichonisikitisha ni lugha. Eti “ndilo”, eti “litakaloamua”. Mtu mzima anasemwa kama jitu! Lazima ni mkaguzi kutoka wizarani, tena pande la mtu.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya upelelezi. Nimekwenda kwa Mama Geti, mlinzi wa geti la chuma kwenye mfereji mkuu. Kila siku hutazama ubao wa kipimo uliosimikwa majini, kisha huandika kwenye daftari lake.

Sikumuuliza Bamvua ni nani. Sijazaliwa jana. Nilimuuliza tu anamwonaje Bamvua wa safari hii. Akashika kichwa. Akasema hili ni kubwa, hajapata kuona la namna hii miaka ishirini. Mwaka juzi liliingia nyumba sita bila hodi, likakaa mpaka magharibi, likaondoka na godoro la watu.

Nikaandika kwenye kidaftari changu: hupenda kuwatembelea wananchi majumbani. Hupokea zawadi.

Mama Geti akaongeza kwamba kosa lilikuwa ule ukuta. Bamvua huwezi kulisimamishia ukuta, litakasirika tu. Linataka kupewa nafasi lipite kwa raha zake. Nikamwambia nimemwelewa sana. Nilimkumbusha kwa upole kwamba heshima ni “anataka”, si “linataka”. Akacheka mpaka akajipiga paja. Mama mchangamfu sana yule.

Alipoinuka kutazama chai nikachungulia daftari. “Bamvua, 26/2, 3.9.” Chini yake, kwa kalamu nyekundu: “Bamvua, 12/3, saa kumi jioni, 4.2.” Kwa hiyo huja kila wiki mbili. Mchapakazi! Na huo ni msafara: magari manne, pikipiki mbili. Mara iliyopita magari matatu na pikipiki tisa. Naona wizara imepunguza pikipiki.

Bi Matete hana habari ya haya yote. Yuko topeni tangu asubuhi anapima urefu wa miche kwa rula.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Bamvua hapendi vizuizi. Tuta langu ni kizuizi. Mtu wa mwili ule hawezi kupanda tuta la mita mbili mbele za watu, ataaibika, na akiaibika ofisi yenye dirisha itakwenda kwa Bi Matete. Dawa ni kukata njia katikati ya tuta, pana, mita sita, ashuke kwenye gari upande wa bahari na kupita moja kwa moja hadi mtaani. Na njia ikinyooshwa vizuri inaangukia mlangoni kwa Dada yangu. Hapo anakaribishwa chai.

Dereva wa katapila aliniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Aliporudia mara ya tatu nikamwuliza nani msanifu hapa, mimi au yeye. Akataka nimwandikie. Nikamwandikia kwa furaha, nikatia sahihi, tarehe na muhuri. Aliikunja ile karatasi akaiweka mfuko wa ndani kabisa wa koti.

Saa tisa njia ilikuwa tayari. Nimeifunika kwa turubai Bi Matete asije akaiga.

Jumamosi, 9 Machi

Dada.

Niandike vizuri, maana hapa ndipo ninapokula na kulala. Dada anashona sare za shule. Chumba chake cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia, na marobota ya kitambaa cha bluu sakafuni hadi dirishani. Mwaka juzi maji yaliingia yakaharibu kitambaa cha muhula mzima. Alikaa mwezi akianika vitu visivyokauka. Leo amerudia alichosema wakati ule: maji yakiingia mara nyingine hakai tena, anafunga nyumba na kuhamia kwa mama mkwe wake mlimani. Kule nafasi ni ya mtu mmoja. Hakunitazama aliposema mmoja, lakini nilisikia.

Akauliza kama tuta langu liko imara. Nikamwambia aondoe shaka, tuta hilo mwenyewe nimelishughulikia. Alifurahi. Alinipakulia mara ya pili bila kuombwa.

Nikatumia nafasi hiyo. Nikamwambia Jumanne saa kumi nitakuwa na mgeni mzito, ambaye cheo changu kiko mikononi mwake, nami naomba chumba cha mbele. Alikuwa na pini mdomoni. Akaguna. Kisha akasema kama ni mambo ya cheo changu basi atapanga vizuri, marobota atayapandisha juu ya kabati na mezani, chumba kionekane. Atatandika na zulia lake jekundu la harusi.

Nina dada mwema. Nikiwa mkuu nitamnunulia cherehani ya umeme.

Jumatatu, 11 Machi

Bango limekamilika. KARIBU MHESHIMIWA BAMVUA. JISIKIE UKO NYUMBANI. Mchora mabango alicheka muda wote wa kazi, mara mbili akaangusha brashi. Akaniambia hajawahi kupata mteja mwenye utani kama mimi. Sikumwelewa, lakini nilimshukuru.

Bi Matete alikuja upande wangu mchana. Buti zimejaa tope hadi magotini, sura ya kujali watu. Akauliza kuna nini chini ya turubai. Nikasema siri ya kitaalamu. Akauliza kama tuta langu limefika kimo kilichoandikwa kwenye mchoro. Nikasema kimo si kila kitu, kuna watu wanaojua kupokea na kuna wanaojua kuzuia tu. Akaniangalia kama mtu anayesoma herufi ndogo. Akasema bahari haina utani, na kwamba yuko tayari kuniazima katapila na watu wake leo hii kama kuna kazi iliyobaki.

Kijicho kitupu. Anataka kuingiza watu wake waone njia yangu! Nikamwambia asante, nimemaliza siku nne kabla yake. Akaondoka akitikisa kichwa. Roho yangu burudani kabisa.

Jumanne, 12 Machi

Saa tisa na nusu. Turubai limetolewa. Bango liko juu ya njia, limefungwa kwenye miti miwili. Nimevaa suti. Nina shada la maua. Barabara tupu, msafara bado. Kuna maji kidogo yamekuja kwenye mikoko, mazuri, yanameta. Yataipendezesha shughuli.

Saa kumi na moja. Naandika nikiwa juu ya meza ya kukatia.

Nitaeleza kwa utaratibu. Saa kumi kasorobo maji yalikuwa kwenye matete. Saa kumi kasoro dakika tano yalikuwa kwenye bwawa, na bwawa likajaa. Kisha yakaiona njia yangu. Mita sita, imenyooka. Yakapita chini ya bango kwa raha zake, yakashuka mtaani, yakaingia mlangoni kwa Dada, na mlango ulikuwa wazi pande zote mbili kwa sababu niliagiza hivyo.

Mama Geti alikuja mbio kando ya tuta, sketi kaishika mkononi, akipiga kelele: Bamvua hilo! Bamvua hilo! Nikapunga shada. Nikamuuliza kwa sauti yuko wapi, mbona simwoni. Akasimama. Akaonyesha maji yaliyonifika magotini. Akaonyesha bahari nzima. Nikamtazama yeye, nikayatazama maji, nikasoma bango langu mwenyewe kutoka nyuma.

Bamvua si mtu. Bamvua ni kujaa kwa bahari, kule kukubwa kuliko siku zote. Nne nukta mbili ni mita.

Nikakimbilia ndani. Dada alikuwa amesimama katikati ya zulia jekundu, kanga mpya, birika mkononi, maji yakimpanda miguuni. Nikabeba cherehani kichwani, nikaiweka juu ya kitanda, nikarudi kuchukua kiti, nikarudi tena, na kila niliporudi alikuwa bado amesimama pale pale na birika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilitamani Bamvua angekuwa mtu nimpige.

Upande wa Bi Matete tuta limesimama imara. Maji yamefika shingoni mwa matete yake, yametulia, yakaanza kurudi. Nyumba za kule hazijalowa hata kizingiti.

Jumatano, 13 Machi

Mkurugenzi aliniita. Mezani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye sahihi yangu, tarehe na muhuri. Dereva wa katapila alikaa pembeni akitazama dari. Mkurugenzi akaniuliza ilikuwaje mtu aliyezaliwa ufukweni asijue bamvua. Nikasema ufukwe wetu ulikuwa mdogo.

Bi Matete ndiye Mkuu wa Kitengo cha Vinamasi. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuziba pengo langu kwa watu wake na katapila lile lile. La pili lilikuwa kuwaambia wakubwa nisifukuzwe. Nimepangiwa kwa Mama Geti, kumsaidia kusoma ubao. Huruma yake inaniuma kuliko tope.

Jioni Dada alifunga nyumba. Ukweli uandikwe: sare zote zimepona. Marobota yalikuwa juu kwa sababu ya mgeni wangu, kwa hiyo ukipiga hesabu sawasawa aliyeyaokoa ni mimi. Nilimwambia hivyo. Alifunga kufuli, akajaribu mlango mara mbili, akanikabidhi mfuko wa nguo zangu, zimepigwa pasi. Hakugombana nami. Laiti angegombana. Nilimbebea cherehani mpaka kituoni, na alipopanda gari aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuuliza hakumpunguzii mtu kitu, mdogo wangu, siku nyingine uliza.

Nililia kidogo. Nimeahidi, mbele ya kituo chote, kwamba kuanzia leo nitauliza.

Ijumaa, 15 Machi

Nimehamia kwenye stoo ya miche, nyuma ya kibanda cha Mama Geti. Si pabaya. Kuna dirisha. Nimepata dirisha kabla ya Bi Matete, yeye bado anasubiri funguo.

Mtaalamu wa bamvua sasa ni mimi. Leo asubuhi nimewaeleza wauza samaki wawili bamvua ni nini. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Mchana nikalifungua daftari ili nianze kazi. Chini ya ile Jumanne, kwa mwandiko wa Mama Geti, nimekuta maandishi yaliyonisimamisha nywele: “19/3 mpaka 21/3, maji mafu.”

Maji. Mafu. Yatakufa Jumanne, na tarehe imeshapangwa!

Mama Geti mwenyewe akaja akaniambia, huku anatabasamu, kwamba yeye huyapenda sana maji mafu. Bahari inatulia, haipandi sana wala haishuki sana, na Bi Matete amechagua siku hizo hizo kupanda miche iliyobaki. Anatabasamu! Na Bi Matete amechagua! Mimea gani hiyo inayopandwa siku ya maji kufa? Sasa naelewa kwa nini alikuwa anapima topeni kwa rula. Sasa naelewa yote.

Nilitaka kumuuliza Mama Geti. Nilikumbuka ahadi yangu kwa Dada, hata nikafungua mdomo. Lakini hapa kuna nini cha kuuliza? Bamvua lilikuwa neno gumu, mtu yeyote angekosea. Haya ni maneno mawili mepesi, hata mtoto anayajua.

Ripoti ya siri kwa Mkurugenzi imekwisha kuandikwa, nakala kwa bwana afya. Mabango ya ONYO yako kwa mchora mabango. Ameanza kucheka tena. Nimeagiza barakoa arobaini, na moja nimempelekea Dada mlimani, na barua ya kumweleza kwamba wiki ijayo atajua mdogo wake ni nani.