Tafakari za Kabla ya Somo

Jumatatu, 4 Mei

Shajara yangu, nisamehe. Mara ya mwisho tulipoonana mwanangu Bosi alikuwa hajaota hata jino moja. Sasa anayo manne, na yote ameyajaribu kwenye jalada lako. Nilikusudia kuandika kila siku. Kisha nepi. Kisha homa ya Bosi. Kisha homa yangu. Kisha madaftari arobaini na saba ya darasa la tatu, na kalamu nyekundu inayovuja. Basi, radhi.

Habari yenyewe. Wiki sita sasa tuko kwenye mafunzo kazini. Kila mwalimu alipewa daftari la tafakari. Ukimaliza somo unaandika: nini kilikwenda vizuri, nini kiliharibika, kesho utabadilisha nini. Jambo zuri kabisa. Sijaandika hata mstari.

Leo mwalimu mkuu katangaza kwamba mkufunzi anakuja keshokutwa kuyasoma. Atakayeonekana amekua zaidi kikazi anaondolewa zamu ya asubuhi hadi mwisho wa mwaka. Zamu ya asubuhi! Kuwa langoni saa kumi na mbili na nusu, Bosi nimemwacha kwa mama mkwe akilia kama nahama moja kwa moja. Nikainua shingo. Mama Chati naye akainua ya kwake.

Mama Chati ana darasa la tatu B, mlango wa pili kutoka kwangu. Kuta zake hazionekani kwa chati. Aliniuliza kwa upole daftari langu limefika ukurasa wa ngapi. Nikasema limejaa, nimeomba la pili.

Ulimi huu!

Jumanne, 5 Mei

Tafakari thelathini kwa siku moja! Nimeandika darasa likinakili ubaoni. Nimeandika wakati wa chakula, nimesimama. Nimeandika nikinyonyesha, mstari ukapinda Bosi alipotaka upande wa pili. Nimetumia kalamu tatu alizonitumia Dada, ili kila siku ionekane na wino wake. Mkono ulipopata moto nikaendelea na za kesho, Alhamisi na Ijumaa. Kwa nini nisubiri somo? Najua nitakavyofundisha. Nitafundisha kama kawaida.

Nikazisoma zote. Ole wangu. "Wanafunzi walishiriki kikamilifu" mara kumi na nane. Hakuna hata mtoto mmoja anayepumua humo ndani.

Ndipo nikamchukua Binti wa Fundi.

Ni mtoto wa fundi cherehani wa nyuma ya shule. Miaka tisa, dawati la tatu, dirishani. Wenzake wanadhani ana haya. Ukweli, hajui kusoma. Niligundua mwezi wa tatu, akanishika mkono akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia hili ni letu, mimi na wewe. Tangu siku ile kila mapumziko tunakaa nyuma ya stoo na kadi za silabi. Tumefika baba, meza, jiko. Maneno matatu kwa siku, wala hataki nimsaidie. Sijawahi kufanya kitu kizuri kuliko hiki tangu nishike chaki, na sikuwahi kukiandika popote.

Leo nimekiandika. Ila nimekisogeza mbele kidogo. Nimesema sasa anasoma hadithi nzima kwa sauti. Jina sikuandika. Nimeandika tu "binti wa fundi cherehani." Nikajiona mwangalifu mno. Fundi cherehani mtaa huu ni mmoja.

Jumatano, 6 Mei

Mkufunzi ni mzee mwembamba, miwani imefungwa kamba, anaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Alisoma ofisini kwetu hadi saa sita. Akaniita.

Akataka kujua somo la tarehe kumi na tisa Aprili lilikuwaje. Nikasema lilinoga. Akasema ilikuwa Jumapili. Nikasema la kufidia. Akaniuliza kwa nini tafakari ya Alhamisi inasema mvua ilipiga bati mpaka watoto hawakusikia, ilhali Alhamisi ni kesho. Akatazama dirishani. Jua kali. Nikasema nyumbani nina mtoto mdogo, siku zinanichanganya. Hilo angalau ni kweli.

Kisha akafungua ukurasa wa Binti wa Fundi. Akavua miwani. Akasema amesoma madaftari kama haya miaka ishirini, na walimu wanaomkumbuka mtoto mmoja mmoja anawahesabu kwa vidole. Akaomba Ijumaa aje amsikie akisoma.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilishaufungua. Mama Chati akaingia kuchukua chaki. Nikaufunga.

Nimeazima kalenda ya mama mkwe. Kauliza ya nini. Nikasema ya kazi.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango: hadithi ya kuku na yai lake, sentensi sita, kurasa tatu. Ataimeza yote, basi. Mkufunzi atasikia, atapiga makofi, ataondoka, na sisi tutarudi kwenye kadi zetu.

Mapumziko ya kwanza, nasema, anafuata. Akaniuliza neno "kuku" ni lipi hapo. Nikamwambia tuendelee. Akauliza tena, kidole juu ya ukurasa. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba leo hatuna muda wa kutafuta neno mojamoja. Akatoa kidole.

Hadi saa nane anayo yote, kama wimbo. Uso umemng'aa! Akaniambia, mwalimu, kumbe kusoma ni rahisi hivi, unafumba macho tu.

Nikacheka. Shajara, nilicheka.

Mvua haikunyesha.

Ijumaa, 8 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Mkufunzi alikaa nyuma, magoti yamegonga dawati. Binti wa Fundi akaja mbele, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mama yake alijua kuna ugeni. Akashika kitabu, akasema sentensi sita, sauti safi, hata koma aliipumzikia. Ukurasa hakugeuza. Kidole kilikaa juu ya picha ya kuku mwanzo hadi mwisho.

Mkufunzi alikiona kidole. Akanyamaza tu. Ningeuacha ukimya ule ukapita, yangekwisha. Mimi na ukimya hatuwezani. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayezindua jengo, kwamba mtoto huyu mwezi wa tatu alikuwa hajui hata herufi moja.

Mbele ya watoto arobaini na sita.

Dawati la mwisho likajibu: "Kumbe!" Mwingine akasema ndiyo maana zamu yake ya kusoma ikifika tumbo linamuuma. Kicheko kikatembea toka ukuta hadi ukuta. Nikagonga meza. Nikafoka. Nimechelewa.

Hakulia. Aliniangalia. Akakifunga kitabu, akakiweka mezani kwangu, akakinyoosha vizuri kikae sawa na ukingo wa meza. Akarudi dirishani.

Mkufunzi ameniachia mstari mmoja ukurasa wa mwisho. Nimeusomea chooni: "Mtoto alikuwa anajifunza. Nani alimsimamisha?"

Zamu ameondolewa Mama Chati. Nililichungulia daftari lake pale ofisini. Tafakari kumi na moja tu, wiki sita nzima! Na zote makosa. Moja inasema: "Leo nimempigia mtoto kelele bila sababu. Kesho nitamwomba radhi." Kesho yake imeandikwa neno moja: "Nimemwomba."

Kitu chepesi namna hiyo, mtu anaondolewa zamu?

Jumatatu, 11 Mei

Langoni saa kumi na mbili na nusu. Nimekagua kucha za shule nzima, macho njiani. Hakuja.

Baada ya masomo nikamfunga Bosi mgongoni nikaenda kwa fundi. Alikuwa anakata suruali. Akanikaribisha kiti, akampa Bosi kipande cha kitambaa atafune. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema yeye mwenyewe hakusoma, vipimo vya wateja anaviweka kichwani. Akasema mtoto alikuwa akirudi nyumbani anamtafutia herufi kwenye mifuko ya unga, kwenye lebo za nguo, anamfundisha na yeye. Wameacha tangu Ijumaa.

Mtoto alikuwa chini ya meza ya kukatia, anachambua vifungo, vikubwa huku, vidogo kule. Nikachuchumaa. Nilikuja na neno moja tu la kusema, tena nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nikaanza na mafunzo kazini. Nikaja kwenye daftari. Nikafika kwenye zamu, kwenye kulala kwangu vibaya, kwenye meno ya Bosi. Nikaeleza kila kitu. Nilipopumua akasema bila kuinua kichwa:

"Mwalimu, ulisema ni letu."

Bosi akaanza kulia, nikapata kisingizio cha kusimama. Fundi akanisindikiza mlangoni. Akaniambia, kwa heshima zote, mwalimu wangu, tumeomba ahamie darasa la B.

Neno nilirudi nalo nyumbani.

Jumanne, 12 Mei

Amekuja shule. Amepita mlango wangu, ameingia wa pili.

Nilikwenda kuazima chaki kwa Mama Chati mara mbili, mfukoni nina tatu. Hakunisimanga. Alinieleza tu kwamba kwake hasimami mtu kusoma, watoto wanasoma wawiliwawili, kwa kunong'ona, anayekwama anangojewa. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayelijua jambo hilo zamani. Binti wa Fundi alikuwa na mwenzake pembeni, kidole kinatambaa chini ya neno. Mwenzake anangoja. Kidole kikafika mwisho wa neno.

Sikusikia lilikuwa neno gani.

Mapumziko nimekaa nyuma ya stoo peke yangu na kadi. Jioni mama mkwe kaniuliza mbona sili. Nikasema meno ya Bosi. Akasema meno ya Bosi yanakuuma wewe?

Jumatano, 13 Mei

Nimelia, nimefua, nimefikiri. Nimejifunza. Kuanzia leo ukweli mtupu.

Mkufunzi anarudi mwezi ujao. Kwa hiyo nina wiki tatu. Nitamrudisha Binti wa Fundi nyuma ya stoo kidogokidogo, wakati wa mapumziko, Mama Chati asijue, wala mama yake. Itakuwa siri, mimi na yeye. Tafakari ya tarehe moja Juni nimeshaiandika: "Leo amerudi mwenyewe, akakaa, akaomba kadi." Imetoka vizuri mpaka nimeitilia machozi, wino ukachuruzika. Hiyo nayo inapendeza, inaonyesha hisia.

Ya kumwagiza Dada, atume na basi la Jumamosi:

Nepi dazeni moja, saizi ya juu, Bosi zote zinambana mapajani.

Karatasi nne za manila za kuchorea chati, zile kubwa. Uliza kama zipo kubwa kuliko kubwa. Mama Chati anatumia za kawaida.

Gundi, na kalamu nene nyeusi, mbili.

Kitabu cha hadithi cha mtoto anayeanza, maneno mafupi, kurasa chache. Kuku asiwemo.

Vifungo, mkebe mmoja, rangi mchanganyiko. Vile vya maua kama vipo.

Na barua moja ya kuomba radhi. Itunge wewe, Dada, mimi kila nikianza inageuka maelezo. Ya mtoto wa miaka tisa. Isitaje mafunzo, wala zamu, wala Bosi. Maneno ya silabi mbili, tatu zikizidi sana, herufi kubwa, nafasi pana kati ya neno na neno, ili aisome mwenyewe, asimwombe mtu. Pale chini paache wazi. Jina nitaandika mimi.