Gari Lililovaa Suti

Siku ile gari lilitoka nyumbani na watu wawili, likarudi na mmoja.

Lilikuwa jipya, viti bado vimevaa nailoni. Fundi cherehani na mkewe walikuwa hawajapata hata safari moja ya kulitambia mtaani, na safari ya kwanza ya maana ikawa ya hospitali. Mkewe, kifua kikimbana, aliwahi kishikio cha mlango wa abiria kwa pupa, pete yake ikachora rangi pale chini ya kishikio, mstari mwembamba kama uzi wa kutarizia. Akautazama, na pamoja na maumivu yake akacheka.

"Haya," alisema. "Sasa limekuwa letu. Lilikuwa bado la dukani."

Akapanda. Hakurudi.

Baada ya maziko fundi alilisogeza gari hadi ubavuni mwa kibanda chake cha kushonea, akalishonea kava, na hakuliendesha tena. Habari za mkwaruzo hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mtu mzima na mvi zake, amweleze nani kwamba analinda gari zima kwa ajili ya mstari usiofika urefu wa kidole?

Tatizo ni kwamba ubavu ule ule wa kibanda ndio kijiwe. Pana benchi, na ng'ambo ya benchi pana bomba la maji la Povu, muosha magari, ambaye ni mdogo wa yule marehemu. Fundi mwenyewe kijiweni anaitwa Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Povu huapa kwamba shemeji yake analala nayo, ili akiota nguo asikosee vipimo.

Asubuhi moja Mkurugenzi, mwenzao wa benchi, alifika na gazeti, akalikung'uta kama mtu anayepiga vumbi mkeka. Mkurugenzi hakuwahi kuongoza ofisi yoyote. Alikuwa tarishi. Ila alibeba mafaili ya wakubwa kwa muda mrefu hata akastaafu na sauti yao.

"Wajumbe, sikilizeni dunia inakokwenda! Tajiri mmoja kanunua gari jipya, akaajiri mlinzi wa kufukuza ndege wasilinyee."

"Mlinzi wa gari?" akauliza Mama Chaja, anayeuza vocha na kuchajia watu simu pale pale pembeni.

"Si wa gari, mama. Wa rangi. Gari lina mlinzi wake mwingine."

"Na ndege wakimnyea huyo mlinzi?"

"Hiyo ni ajali kazini, atalipwa likizo. Na kabla ya hapo, inasema hapa, gari limepakwa siramiki ya kukinga rangi mwili mzima."

"Siramiki hii ya vyooni?"

"Ni ukoo mmoja."

"Basi muwaache ndege wa watu," akasema Mama Chaja. "Wameona choo, wakakitumia."

Benchi likatikisika kwa vicheko. Hata Futi, aliyekuwa akitia kanyagio mafuta mlangoni mwa kibanda, alitabasamu kidogo. Povu peke yake hakucheka. Tangu alipoanza kutazama video za watu wa mbali wanaong'arisha magari, Povu alikuwa amebadilika. Hasemi tena kwamba anaosha gari. Anasema anahudumia rangi.

"Ujinga hauna likizo," alisema. "Mavi ya ndege yana tindikali. Yakipigwa jua mchana mmoja tu, yameshakula rangi."

"Mbona mimi waliniangushia mzigo kichwani na sikutoboka?" Mkurugenzi akauliza.

"Wewe umekaa ofisini miaka yote, ngozi yako imeshapakwa siramiki ya serikali. Hata shida haikai, inateleza."

"Mwenyekiti, nimetukanwa!"

"Mwenyekiti ni wewe mwenyewe," Mama Chaja akamkumbusha. "Na kwa nini twende gazetini? Tajiri wa rangi tunaye hapa. Hebu tazameni hiyo suti."

Wote wakageuka kulitazama gari. Lilikuwa limevaa, hilo halina ubishi. Kava la Futi lilikuwa la turubai jepesi, kwa ndani bitana laini ya flaneli, kwa mbele kola, vioo vya pembeni vina mikono yake, na vifungo vimeshuka ubavuni kwa mstari ulionyooka.

"Linaoa lini?" Mkurugenzi akauliza.

"Limeshaposa," akajibu Povu. "Linasubiri tai."

"Na mwenye gari suruali yake ina kiraka gotini," akaongeza Mama Chaja. "Kweli mganga hajigangi."

"Kiraka changu ni cha kitambaa kizuri," Futi akasema bila kuinua kichwa.

Ndipo Povu akasimama, akaingia kwenye kijistoo chake kando ya bomba, akatoka na kitu amekibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ilikuwa mashine ya kung'arishia magari, mpya, ina kichwa cha duara chenye sponji ya rangi ya chungwa.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ikawa nyingine. "Tulikaa kikao."

"Kikao gani?"

"Kamati ndogo ya gari," akadakia Mkurugenzi. "Mimi nikiwa katika kiti."

"Umekonda, baba," Mama Chaja akasema. "Hiyo futi sasa inakuzunguka mara mbili. Unashinda cherehanini, gari linakutazama, na wewe unalitazama. Tumesema leo lisafishwe, ling'arishwe, lipakwe nta. Labda likikuita kwa kumetameta utaitika."

"Gari la kwanza kuguswa na mashine hii," akasema Povu, "nataka liwe la dada. Sitaki hata asante."

 Futi aliitazama ile sponji. Akaona jinsi itakavyozunguka, ikila rangi ngozi baada ya ngozi, hadi pale chini ya kishikio pawe laini kama pa gari la dukani. Na ubaya wa wema ni kwamba hauna pa kuupiga. Adui ungemfukuza kwa ufagio. Hawa ungewafukuza kwa nini?

"Leo jua kali," alisema.

"Tutavuta kivuli cha kibanda," akajibu Povu.

"Vifungo vimekaza."

"Tuko watu watatu."

"Gari lenyewe jipya! Mnaling'arisha nini?"

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kwani alimfungulia Povu darasa.

"Jipya!" Povu aliwageukia wenzake kama mwalimu aliyepata mfano. "Mnamsikia? Shemeji, gari jipya halijawahi kuwa jipya. Limesafiri melini, limelala yadi na vumbi la chuma, kisha likafutwa na mtu kwa tambara lile lile alilofutia meza. Hapo lina mikwaruzo kama utando wa buibui, sema macho yako ya sindano hayaioni. Kwanza unaosha. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, mchanga usirudi bodini. Kisha unapitisha udongo laini wa kazi hiyo, unanyonya uchafu uliong'ang'ania. Kisha mashine. Nta inakuja mwisho. Ukipaka nta kabla ya kuondoa mikwaruzo, umeifungia ndani. Umeihifadhi. Itakaa humo mpaka gari liwe chuma chakavu."

Neno hilo, "umeihifadhi," lilimwingia Futi kama sindano kidoleni, lakini hakupata nafasi ya kulijibu. Kamati ilikuwa imeshalivamia kava.

Kulivua hakukuwa rahisi. Futi hushona kifungo kama anayemfunga mwizi. Mkurugenzi alihangaika na kifungo cha kwanza mpaka jasho likamtoka.

"Hili gari lina siri za taifa? Mbona wizara nzima haifungwi hivi?"

"Sukuma kwa ndani, halafu zungusha," Mama Chaja akamwelekeza. "Hujawahi kumvua mtoto shati?"

"Nyumbani kwangu hiyo ni idara ya mke wangu."

Kava lilipoanguka, gari likaonekana, bluu ya kukoza, rangi aliyoichagua marehemu mwenyewe.  Kisha maji yakafunguliwa.

Povu alianza na paa, akashuka. Futi naye alitoka kibandani, akaenda kuegemea mlango wa abiria, mgongo umeziba kishikio, mikono kaikunja kifuani, kama mtu anayesubiri basi.

"Shemeji, sogea."

"Sina haraka."

"Si wewe, ni gari linaloogeshwa!"

"Osha upande mwingine."

"Nimeshaosha upande mwingine, na boneti, na buti. Sasa nimekufikia wewe. Nikuoshe?"

"Mwoshe!" akapiga kelele Mkurugenzi. "Kisha mpitishie udongo, yeye ndiye mwenye uchafu ulioganda!"

Povu hakusubiri ruhusa ya pili. Alimpitishia sifongo pande zote, akampaka povu mpaka kwenye ncha za futi yake. Futi akavumilia, maji yakamchuruzika hadi viatuni, na hakubanduka. Mama Chaja alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akaacha kucheka, akamtazama Futi kwa jicho jingine.

Angeshinda hapo, naamini, kama si mteja. Mama mmoja alisimama mlangoni mwa kibanda na gauni la binti yake mkononi, pindo limefumuka, na shughuli ni mchana ule ule. Fundi ni fundi. Futi alipiga hatua kumpokea, akageuka kurudi, akachelewa.

"Lo!" Povu alikuwa amechuchumaa mbele ya kishikio. "Lo lo lo! Njooni muone unyama."

Mkurugenzi akavaa miwani. "Hii si buibui."

"Hii ni pete. Au ukucha wa paka mwenye pete. Mtu kavuta mlango kama anang'oa mhogo!"

"Mtu wa namna hiyo," alisema Mkurugenzi, "hajui thamani ya mali. Akamatwe. Napendekeza akamatwe, na awekwe ndani bila dhamana."

"Kamata ya nini? Alaaniwe tu," Povu akawaka. "Gari la dada yangu! Mimi namjua mtu wa hivi. Hana adabu. Hakulelewa huyu. Namwambia hata mama yake akisimama hapa, mama, hukumlea mwanao!"

"Alilelewa na mama yako."

Futi alikuwa nyuma yao, gauni la watu limemning'inia mkononi, maji bado yanamtoka nyweleni.

Povu aligeuka nusu, akiwa bado amechuchumaa. "Nani?"

"Huyo unayemlaani. Mlilala kitanda kimoja utotoni. Siku ile ya hospitali alishika mlango kwa haraka, pete ikagusa. Akacheka. Akasema, sasa limekuwa letu, lilikuwa bado la dukani." Futi akaunyooshea mstari kidole. "Ni hicho tu. Ndicho kitu cha mwisho alichokifanya kwa mkono wake. Kukifuta mtakifuta kwa dakika."

 Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika bure, na Povu, ambaye humfokea mteja anayeacha bomba wazi, hakuyaona. Alirudisha uso kwenye mlango, akasogeza jicho karibu na ule mstari mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye rangi. Alikaa hivyo. Mabega yake yakaanza kutikisika, na wenzake wakadhani analia, na kweli alikuwa akilia, ila ndani ya kilio kulikuwa na kicheko.

"Alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Nyumbani vishikio vyote vya vikombe alivivunja yeye. Akinipokea begi, anabaki na mkanda!"

"Shati langu la harusi alilipasua akinifunga kifungo," akasema Futi. "Nikaoa nimeshika kwapa."

Hapo Mama Chaja akaangua kicheko huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga, na Mkurugenzi akavua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

"Wajumbe," alisema kwa sauti ndogo, "lile neno 'akamatwe' naliondoa. Na ile ya bila dhamana."

"Na laana?" akauliza Mama Chaja.

"Laana aliitoa Povu, si kamati."

Povu alisimama, akafunga maji. Akaitazama mashine yake, akaitazama sehemu ile. "Shemeji. Nikipaka nta hapa bila kung'arisha, mkwaruzo hautatoka tena. Nilishasema. Utabaki humo."

"Nilikusikia uliposema."

"Watu dunia nzima wanahangaika kuondoa mikwaruzo, sisi wetu tunaupaka mafuta ulale pema."

"Paka," akasema Futi.

Povu alikata utepe wa karatasi, akauzungushia mkwaruzo dirisha dogo la pembe nne. Ndipo mashine ikawashwa, ikanguruma mlangoni kote, ikifika kwenye utepe inageuka. Mkurugenzi alisimamia kazi kwa kunyoosha kidole mahali ambapo tayari pamekwisha. Mwisho Povu akabandua utepe, akachota nta kidogo kwa kidole, si kwa kitambaa, akaipaka pale chini ya kishikio taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Kazi hiyo hakutaka kusaidiwa.

Futi alikuwa amekwishaketi cherehanini na pindo la mteja. Povu akaja kusimama mlangoni, anajifuta mikono.

"Mama ana kliniki ya macho Jumatano," alisema. "Anapanda pikipiki. Mgongo unamsumbua, ila hasemi."

Futi alikata uzi kwa meno. "Saa ngapi?"

Siku hizi gari hutoka kila Jumatano ya kliniki. Mama mkwe hukaa mbele. Kila akishuka huubamiza mlango mtaa mzima ukasikia, na hakuna anayemwambia kitu.